Tumekwisha, Njia ni Yenu

Mwenyekiti alikuja nyumbani jioni moja, akakaa kwenye kiti cha mama. Hakujua. Baba alikikodolea macho kile kiti wala hakumtazama mgeni, mpaka nikaona niingilie kati.

"Samahani, Mwenyekiti, hicho kiti mguu wake mmoja umelegea. Hamia hapa kwenye kochi."

Kiti chenyewe ni cha chuma. Baba ni fundi wa kuchomelea, ametengeneza mageti ya nusu ya mtaa wetu, na katika nyumba yake hakuna mguu wa kitu chochote uliowahi kulegea. Mwenyekiti aliitazama ile miguu, akanitazama mimi, akahamia kwenye kochi bila neno. Hapo nikajua amekuja na jambo zito. Mtu mwenye jambo jepesi angebisha.

Ni mwenyekiti wa chama cha pikipiki cha kina baba, na kazi yake ni udaktari wa meno. Waendesha pikipiki wenzake wanamwita Ganzi akiwa hayupo, kwa sababu ya kazi hiyo na pia kwa sababu ya sauti yake. Akikwambia jino lako limeoza unamshukuru kwanza, maumivu unayakuta nyumbani.

"Mzee Cheche," alianza, akimwita baba kwa jina lake la porini, "nimekuja kwa ajili ya kile kidole."

Baba aliificha mikono yake katikati ya magoti.

Inabidi nieleze habari ya vidole, maana nisipoeleza mtadhani ukoo mzima tumerukwa na akili. Baba na wenzake kila Jumapili hupanda milimani na pikipiki zile ndefu za matairi yenye meno. Vijia vya kule ni vyembamba, na si vyao peke yao. Kuna watu wanaotembea kwa miguu, kuna wa baiskeli, kuna wanawake wenye mizigo ya kuni na wazee wenye punda. Ukikutana na mtu unapunguza mwendo, ukikutana na mnyama unazima injini, na anayeteremka humpisha anayepanda, kwa kuwa anayepanda akisimama katikati ya mlima kuondoka tena ni kazi. Sasa mtu aliyevaa helmeti, injini inanguruma, hawezi kupiga soga. Kwa hiyo wanasema kwa mkono wa kushoto. Mkikutana, aliye mbele anaonyesha vidole kwa hesabu ya wenzake walio nyuma. Vidole viwili: bado wawili. Kidole kimoja: bado mmoja. Anayekuja mwisho kabisa anakunja ngumi, na ngumi hiyo wao wanaiita "tumekwisha". Maana yake hakuna mwingine, njia ni yenu, piteni. Ukiona kidole unasubiri. Ukiona ngumi unaondoka. Ndiyo sheria yote, na haijaandikwa popote.

Mama ndiye aliyekuwa akifunga msafara. Walimwita Mkia, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Siku za kazi alikuwa akishona sare za shule kwenye kibaraza chetu, miwani puani, pini mdomoni. Jumapili alivaa buti na kumfuata baba. Miaka yote hakuwahi kupita mbele yake, hata pale baba alipopotea njia mchana kweupe na mama akijua kabisa kwamba wamepotea. "Nikimpita nitaona nini?" aliniambia siku moja. "Miti? Nyuma namwona yeye."

Baba akitokeza kwenye kona, kidole kimoja juu. Watu wakasubiri. Kisha mama akatokeza, ngumi juu, na watu wakapita. Walioanza kupanda milima hiyo wakiwa vijana hawakuwahi kuona kidole cha baba kikisema uongo.

Halafu mama akaugua. Sitaki kuusimulia ugonjwa, ulikuwa na majina mengi na hakuna lililosaidia. Nitasimulia jambo moja tu. Siku za mwisho hakuweza kusema. Baba aliingia wodini ametoka karakana, nguo zikinuka chuma kilichoungua, na mama alipomwona aliinua mkono wa kushoto kutoka kwenye shuka akakunja ngumi. Mimi nikadhani amebanwa na maumivu, nikakimbia kumwita muuguzi. Niliporudi mlangoni nilimkuta baba ameketi ukingoni mwa kitanda, anaikunjua ile ngumi. Kidole baada ya kidole, polepole. Alipomaliza akavilaza vyote isipokuwa cha shahada, akakisimamisha na kukishikilia.

"Bado," alimwambia. "Bado mmoja."

Mama alikuwa akimwangalia kwa huruma. Ndiyo, yeye mgonjwa ndiye aliyekuwa akimhurumia mzima.

Siku ya mazishi watu walisema yale yanayosemwa. Ametutoka. Amepumzika. Na zaidi ya yote walisema ametangulia: mama ametangulia, sisi sote tu nyuma yake. Kila neno hilo liliposemwa nilimwona baba akitikisa kichwa. Mwishowe jirani mmoja alimshika mkono, akamwambia, "Pole sana, mzee mwenzangu, ametangulia tu," na baba akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa waliokuwa wamekaa nje: "Huyu hajatangulia hata siku moja maisha yake yote. Yuko nyuma."

Wengine walicheka kidogo, wakidhani mzee anajikaza kwa utani. Mimi sikucheka.

Tangu hapo nyumba ikawa bubu. Mimi nauza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, siku nzima naongea na watu wanaotaka nyeupe ambayo si nyeupe sana, halafu narudi nyumbani namkuta baba amekaa na chai iliyopoa. Alikula nikimsimamia. Alijibu nikiuliza mara mbili. Jumapili tu ndiyo siku aliyoamka mwenyewe, akanyoa ndevu, akapaka buti mafuta, akatoa pikipiki yake. Na kabla ya kuondoka aliwasha ile ya mama pia, akaiacha ingurume kidogo betri isife. Jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na siku hiyo alikula bila kulazimishwa. Kwa hiyo nilizipenda Jumapili, ingawa milima yenyewe siipendi. Nilifundishwa nikiwa msichana, nikaanguka, nikasema yatosha.

Sikujua kwamba kule juu baba alikuwa akiendelea kuinua kidole.

"Mwanzoni tulinyamaza," Mwenyekiti alisema. "Sisi tunaomjua tulikuwa tunasimama kidogo, kisha tunakwenda. Hatukuona ubaya. Msiba una mambo yake."

"Sasa ubaya umetoka wapi?" nilimkatiza. Mdomo wangu hauna breki, baba hulisema hilo tangu nikiwa mdogo.

"Umetoka kwa Mwalimu, binti."

Mwalimu huyo hufundisha hesabu, na ni mgeni katika chama. Jumapili iliyopita alikuwa na wenzake wachache juu ya mahali wanapopaita Kooni, ambapo kijia kinabanwa na ukingo wa mlima upande huu na bonde upande ule. Baba akapanda, akatokeza peke yake, akaonyesha kidole kimoja. Wakasubiri. Hakuja mtu. Wakazima injini wakasikiliza, kimya. Mtu wa hesabu hawezi kuvumilia hesabu isiyotimia, kwa hiyo Mwalimu akashuka Kooni kumtafuta huyo mmoja aliyebaki, akiita, akichungulia bondeni. Udongo ukamtoka chini ya miguu. Wakamvuta juu amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani.

"Alikuwa anamwita nani?" baba aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza jioni ile.

"Hakujua jina, mzee. Alikuwa anaita tu, 'Wewe wa nyuma! Wewe wa nyuma!'"

Baba alifumba macho. Nikatamani Mwenyekiti angenyamaza hapo, lakini daktari wa meno akishaanza hawezi kuliacha jino nusu.

"Mfupa utaunga," alisema. "Kinachonitia hofu si mfupa. Watu wameanza kusema kidole cha Mzee Cheche usikisubiri. Kesho watasema vidole vya wazee wote wasisubiri. Siku moja atakuwepo mtu kweli nyuma ya kidole, na wenzetu watateremka wamekaza mwendo, na watakutana naye Kooni. Kamati imesema ukiinua kidole cha uongo mara moja tu nyingine, basi. Hutapanda tena, mzee wangu. Nimeomba nije kukwambia mwenyewe."

"Baba, si uache tu kuinua?" nilimwambia. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa inatangulia kabla sijajua namkasirikia nani. "Kitu gani kigumu? Unakunja mkono, unapita!"

Aliutoa mkono wa kushoto magotini akauangalia. Una makovu madogo madogo ya cheche, ndiyo asili ya jina lake.

"Siuinui mimi," alisema. "Unajiinua."

Niliiona picha yote: baba bila Jumapili, amekaa kwenye kochi hili na chai iliyopoa, wiki nenda wiki rudi, mpaka na yeye aishie pale pale. Na mdomo wangu ukafanya kazi yake.

"Basi mimi nitamfuata. Nitapanda pikipiki ya mama. Akionyesha kidole kimoja, kitakuwa kweli. Mimi ndiye nitakayekuwa huyo mmoja."

Mwenyekiti akanitazama kama anayepima jino. "Unaweza kuendesha?"

"Naweza kuanguka na kuinuka. Si ndiyo kuendesha kwenyewe?"

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu baba alitoa kitu kilichokaribia kicheko. Mwenyekiti alipoaga alinishika mkono akaniambia taratibu, mlangoni, "Haya. Kamati nitaisemesha mimi. Lakini mara moja tu, binti. Sina uwezo wa kuomba tena."

Wiki ile baba alibadilika. Alirudi mapema kutoka kazini akashusha kiti cha pikipiki ya mama kidogo, kisha akakirudisha kama kilivyokuwa, akasema miguu yangu na ya mama ni ya urefu mmoja. Alinizungusha kwenye uwanja mtupu nyuma ya karakana, akinifokea niachie klachi polepole, nisikodolee macho gurudumu, niangalie ninakokwenda. Nilianguka, nikamtukania pikipiki yake, akaniokota. Jumamosi alinitolea glavu za mama. Zilikuwa zimekauka kwa kukaa. Ya kushoto ilikuwa na mikunjo mirefu kiganjani, ngozi imekatikakatika kwenye mistari ile ile, na nilipoingiza mkono nilihisi ikitaka kujifunga yenyewe.

"Utaonyesha nini?" baba aliuliza.

"Ngumi. Mimi ndiye mkia."

Aliitikia kwa kichwa, akageuka upesi akaanza kutafuta kitu kwenye sanduku la vifaa. Hakuwa anatafuta chochote.

Jumapili tuliondoka jua likiwa limeshapanda. Sitawadanganya kwamba niliifurahia milima. Mikono ilikufa ganzi, mgongo ukanilaani, vumbi la baba nililila lote. Lakini nilimwona. Nilikuwa nimemwona baba kila siku ya maisha yangu, ila sikuwa nimemwona kutoka pale alipokuwa akimwona mama: mabega yaliyolegea, kichwa kinachogeuka kidogo kila kona, kuhakikisha. Tulikutana na bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni, baba akazima injini mbali kabisa, akasukuma pikipiki kando, akamwamkia. Bibi akamuuliza, "Leo mko wawili tena?" Baba akamjibu, "Tuko." Nikafurahi kwa jibu hilo. Nilijiambia mambo yatakaa sawa, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Tulipofika chini ya Kooni, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Baba akatangulia kupanda. Mimi nikasubiri afike juu, kama alivyonifundisha, tusije tukasimama wote wawili katikati. Kutoka pale chini nilimwona akitokeza kwenye uwazi wa juu, na nikaiona safu ya pikipiki zilizokuwa zimesimama ukingoni kumpisha. Ya mbele niliitambua kwa rangi, mimi na rangi hatudanganyani: nyekundu iliyochujuka, ya Mwenyekiti.

Mkono wa kushoto wa baba ukainuka.

Vidole viwili.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikapangusa kioo cha helmeti. Baba alikuwa ameshawapita, mkono bado juu, na vidole vilikuwa viwili, vimesimama wima, bado wawili. Mimi, na mama.

Nilipanda. Sikumbuki nilivyopanda, najua tu kwamba sikuanguka, na hiyo peke yake ni ajabu. Njia nzima nilikuwa nagombana naye moyoni. Mzee, nimekupa kidole kimoja cha kweli, umekwenda kuongeza cha uongo! Unataka nini kwangu? Unataka nizae mtu mwingine hapa njiani?

Nikafika juu. Walikuwa wamezima injini. Walikuwa wengi, na wote walikuwa wakiutazama mkono wangu, isipokuwa mmoja wa pembeni aliyekuwa ameinuka juu ya kiti chake anachungulia nyuma yangu, kwenye kijia, kumtafuta huyo wa pili.

Nilikuwa na mambo mawili tu ya kusema kwa mkono ule. Nikiinua kidole, baba anapona. Watasubiri, wataamini, mvua itawanyeshea pale pale, kisha atatoka mwema mmoja kama Mwalimu ashuke Kooni kwenye utelezi kumwita mtu asiyeweza kuitika. Nikikunja ngumi, nimesema mbele ya Mwenyekiti kwamba baba yangu ni mwongo, na Jumapili zimekwisha.

Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo sikulitegemea. Sikutaka kuikunja. Mimi niliyemfokea baba sebuleni, kitu gani kigumu, unakunja mkono unapita, mkono wangu ulikuwa juu na vidole vyote vimeachana na sikutaka kuvikunja. Nikakumbuka kwamba tangu siku ile sijawahi kulitamka lile neno. Dukani waliponiuliza niliwaambia mama ametutoka. Kwa simu niliwaambia mama hatunaye. Nilikuwa nimepita kando ya neno lenyewe kama mtu anayekwepa shimo.

Glavu ndiyo iliyonisaidia. Ilikuwa imezoea. Nililegeza mkono kidogo tu, nayo ikajikunja kwenye mikunjo ya mama, na ngumi ikawa juu.

Hakuna aliyewasha injini. Mwenyekiti akafungua kioo cha helmeti yake.

"Mzee ameonyesha bado wawili."

"Nimeona."

"Wa pili yuko wapi, binti?"

"Mama amekufa, Mwenyekiti." Sauti iligonga helmeti ikanirudia. "Mama amekufa. Hakuna mtu nyuma yangu."

"Najua amekufa," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ganzi yoyote. "Nilimbeba."

Nililia mle mle ndani ya helmeti, makamasi na vumbi pamoja, mahali ambapo huwezi hata kujifuta. Walinisubiri. Yule wa pembeni aliacha kuchungulia, akakaa, akainamisha kichwa. Nadhani hiyo ndiyo adabu yao ya njiani, kwamba mtu akiwa bado hajapita husogei.

Nilipotulia Mwenyekiti alisema, "Sheria naijua na wewe unaijua. Lakini aliyekuja mwisho ametuambia kweli, na sisi tunamfuata anayekuja mwisho. Kamwambie baba yako hivi: kutangulia, basi. Asiwe mbele ya mtu yeyote tena. Akitaka kupanda, apande wa mwisho. Yeye ndiye awe mkia, akunje ngumi kwa mkono wake mwenyewe, kila mara, kwa kila mtu. Akishindwa, aiache pikipiki nyumbani."

Walipita mmoja mmoja, polepole, nami niliishikilia ngumi yangu juu mpaka wa mwisho wao akanipita na ngumi yake.

Baba alikuwa ananisubiri kwenye njia panda, kama ilivyo desturi, hawaachani kwenye njia panda. Alikuwa amevua helmeti. Nywele zake zilikuwa zimelala kwa jasho na alionekana mzee sana.

"Uliwaonyesha nini?"

"Ngumi."

Alitazama chini, akachora mstari kwa ncha ya buti, akaufuta. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikakosa wa kugombana naye.

"Mimi nisingeweza," alisema.

"Najua, baba."

"Nilitaka useme wewe. Ulipoanza kunifuata nikaona kumbe yuko mtu wa kunisemea." Akapangusa uso kwa mkono wenye vumbi, ukachafuka zaidi. "Nimekutwisha mzigo, mama. Nisamehe."

Huniita mama tangu nikiwa mtoto, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Siku hiyo neno hilo lilinichoma.

Nikamweleza maneno ya Mwenyekiti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Mama yako, huko nyuma, alikuwa akiona nini?"

"Alikuwa akikuona wewe."

"Haya." Akavaa helmeti. "Tangulia."

Tukarudi hivyo. Mimi mbele, nimetoa macho, naangalia ninakokwenda. Kila kona niligeuza kichwa kidogo kuhakikisha, na kila nilipogeuza alikuwepo. Matone ya mwanzo ya mvua yalikuwa yameanza kudondoka tuliposhuka Kooni na kufika pale njia inapopanuka kidogo. Hapo nikamwona mtu anapanda kwa miguu, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni. Sikuhitaji kuambiwa. Hawezi kuendesha, lakini milima ilikuwa imeshamwingia.

Nilisimama kando nikazima injini. Nikainua kidole kimoja.

Mwalimu alikitazama kidole changu. Angeweza kupita. Angeweza hata kunicheka, mtu aliyevunjwa mfupa na kidole kama hicho hicho, kutoka kwenye familia hiyo hiyo. Alisogea ukingoni, akasimama, akasubiri. Kisha, kwa kuwa adabu ni adabu hata kwa mtu wa miguu, akainua mkono wake mzima na kunionyesha kidole kimoja pia. Nyuma yake, mbali kidogo, alikuwa akija mwanamke na mwavuli, anahema, anamlalamikia kwamba amemwacha.

Huyo mmoja nilikuwa nimeshamwona, kwa hiyo nikateremka polepole, nikampisha, mpaka kwenye kona ya chini, nikageuka kumsubiri baba.

Alitokeza. Alimwona Mwalimu na ule mkono uliofungwa, akazima injini pale pale. Nilimwona anasema kitu, na Mwalimu anamshika bega. Kisha Mwalimu akamwonyesha na yeye kile kidole: bado mmoja. Baba akasubiri. Alisubiri mke wa mtu mwingine apande taratibu na mwavuli wake, akisimama kupumua, mpaka akafika, akamwamkia, akasimama karibu na mume wake.

Wote wawili wakamgeukia baba. Ilikuwa zamu yake.

Mkono wa kushoto ukainuka, wenyewe, na kidole cha shahada kikiwa kimesimama. Mwalimu hakusogea. Hakutazama kijia nyuma ya baba, alimtazama baba. Na baba, mbele ya watu wale, akaleta mkono wa kulia, akakishika kile kidole kama alivyokishika cha mama siku ile wodini, na akakikunja.

Mvua ikaanza kunyesha sawasawa. Mwalimu alimshukuru kwa kichwa, akamchukua mke wake chini ya mwavuli, wakapanda, wakapotea kwenye kona ya juu. Njia ilikuwa tupu. Baba alibaki amekaa juu ya pikipiki yake, ngumi bado iko juu, na hakukuwa na mtu wa kuiona isipokuwa mimi.

Sikumwita. Nilimsubiri ateremke.